Shilingi Mia ya Mtoto

Vibarazani Tandale au Mbagala, Dar es Salaam, mwanamume aliyekimbia mimba hatishiwi wakili. Huambiwa, "Nitakupeleka ustawi." Ustawi ni ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, na tishio hilo humkosesha mtu usingizi. Zamani lisingemtisha sana, maana sheria yenyewe ilikuwa imemwekea baba bei ya chee.

Bei hiyo ilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Ndicho kiwango cha juu ambacho hakimu aliweza kumtoza chini ya sheria ya matunzo ya watoto wa nje ya ndoa, yenye asili yake katika sheria ya mkoloni ya mwaka 1949. Mama alipaswa kulalamika akiwa mjamzito au ndani ya miezi 12 baada ya kujifungua. Akichelewa, athibitishe kwamba bwana yule aliwahi kutoa fedha za mtoto ndani ya muda huo. Tena neno lake peke yake halikutosha, ulitakiwa ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Mambo ya chumbani, shahidi atoke wapi?

Ajabu ni kwamba mia hiyohiyo imo pia katika sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963. Humo, baba asiyetaka kumwoa mama aliweza kumhalalisha mtoto kwa kumlipa baba wa binti shilingi 100, ilimradi mtoto hajaachishwa ziwa.

Mia ya enzi hizo ilikuwa pesa. Bei za sokoni zikapanda, sheria ikabaki palepale, hadi mia ikawa haitoshi hata nauli ya daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo kumfuata huyo baba.

Wanasheria wanawake wa chama chao, TAWLA, na baadaye Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa 1995 na chenye makao yake Kijitonyama, walikuwa miongoni mwa waliodai sheria za watoto zibadilishwe. Mwaka 2009 Bunge likapitisha Sheria ya Mtoto, ikaifuta ile ya mia. Sasa hakimu hutazama kipato na mali za wazazi, pamoja na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Tatizo likawa umbali: kwa miaka mingi mahakama maalumu ya watoto ilikuwa moja tu, Kisutu, katikati ya jiji.

Ndiyo maana Aprili 2018 Mkuu wa Mkoa, Paul Makonda, alipowaita wanawake waliotelekezewa watoto, walifurika ofisini kwake kwa maelfu, watoto mgongoni, kamera zikiwamulika. Wanasheria na maafisa ustawi waliwasikiliza. Lakini sura za watoto zilizoanikwa hadharani, wakati sheria inalinda faragha yao, zilikuwa gharama ambayo hakuna aliyewauliza kama wako tayari kuilipa.

Mwaka 2021 Temeke ikapata kituo jumuishi cha masuala ya familia: mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu chini ya paa moja, kwa mirathi, talaka na matunzo. Amri hutoka humo. Kuitekeleza ni kazi nyingine, hasa baba akiwa dereva wa bodaboda asiye na mshahara wa kukatwa wala anwani ya kudumu, na mama hujikuta tena kwenye benchi la ustawi, karatasi ya hukumu mkononi.