Hela, Simbi na Bitcoin: Maneno ya Zamani katika Fedha Mpya

Neno “hela” limetokana na Heller, sarafu ndogo ambayo Wajerumani waliiingiza katika koloni lao la Afrika Mashariki mwaka 1904, walipoamua rupia moja igawanywe katika heller 100 badala ya pesa 64. Rwanda ilikuwa ndani ya koloni hilo. Warundi hadi leo huziita fedha amahera. Sisi Wanyarwanda tunasema amafaranga, kwa kuwa Wabelgiji waliotufikia mwaka 1916 walikuja na faranga zao. Waganda nao husema ensimbi, yaani simbi, zile kauri za baharini zilizotumika katika masoko yao. Tawala zimeondoka, maneno yamebaki.

Nimeanza na maneno kwa sababu ndiyo yanayomkwaza anayejifunza habari za sarafu za kidijitali. Sarafu, uchimbaji, daftari, pochi, ufunguo: yote ni maneno tuliyoyazoea, yamevishwa maana mpya. Anayeyasikia hudhani ameelewa. Katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi hapa Kigali hayakosekani matangazo ya “kuchimba” sarafu kwa simu na kuvuna faida kila siku, na wapo wanaotuma karo yao. Maoni yangu ni kwamba kila neno lililoazimwa huja na ahadi ya kitu cha zamani, na historia yetu inatusaidia kuipima ahadi hiyo.

Tuanze na sarafu yenyewe. Hati iliyoieleza Bitcoin ilitolewa tarehe 31 Oktoba 2008 kwa jina la Satoshi Nakamoto, mtu au watu wasiojulikana mpaka sasa. Mtandao wake ulianza Januari 2009. Kanuni inayosifiwa zaidi ni kwamba Bitcoin hazitazidi milioni 21. Kwa nini kikomo kiwe jambo kubwa hivyo? Jibu liko kwenye kauri. Kwa karne nyingi Afrika Magharibi ilipokea kauri ndogo kutoka visiwa vya Maldivi, na kwa kuwa zilitoka mbali, zilishika thamani. Miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya O'Swald ikiwemo, waligundua kwamba pwani ya Zanzibar ina kauri za aina nyingine, kubwa kidogo na za bei ya chini sana. Walizipakia melini na kuzipeleka Lagos na bandari za jirani kwa wingi usio na kifani. Thamani ikaporomoka. Mtu aliyeweka akiba yake katika kauri hakuibiwa hata moja, lakini akawa maskini. Buganda nayo iliyaona hayo mwishoni mwa karne hiyo, kauri zilipozidi kumiminika kutoka pwani, kisha serikali ya Waingereza ikaacha kuzipokea kwa kodi.

Kikomo cha milioni 21 ni kinga dhidi ya meli za O'Swald. Lakini kinahusu Bitcoin peke yake. Mtu yeyote mwenye ujuzi kidogo wa programu anaweza kuunda sarafu nyingine leo jioni na kuipa jina zuri, na kweli zimeundwa maelfu. Aina mpya za kauri hazijakoma.

Neno “uchimbaji” ndilo linalopotosha zaidi. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa na maadui na meli zao kushindwa kufika, walitumia dhahabu ya Sekenke kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, katika karakana ya reli ya Tabora. Huo ni uchimbaji kwa maana yake: kuna mwamba, jasho na dhahabu inayobaki dhahabu hata serikali ikianguka. Katika miaka hiyo hiyo walichapa noti za dharura kwa wingi, na waliobaki nazo baada ya vita waliachwa na makaratasi.

Mchimbaji wa Bitcoin hafukui kitu. Kompyuta yake hubahatisha namba mara nyingi mno kila sekunde, ikishindana na nyingine duniani kote. Kwa wastani kila dakika kumi mmoja hupata namba inayofaa, naye hupewa haki ya kuongeza ukurasa mpya wa miamala, yaani bloki, na kulipwa Bitcoin mpya. Malipo hayo yalianza kwa Bitcoin 50, hupunguzwa nusu kila baada ya bloki 210,000, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Kwa hiyo kazi yake inafanana zaidi na ya karani anayelinda daftari. Malighafi yake ni umeme. Ndiyo maana Hifadhi ya Virunga, ng'ambo ya mpaka wetu huko Kongo, iliweka mashine hizo mwaka 2020 karibu na bwawa lake la umeme la Luviro, ambako kulikuwa na umeme usio na wateja wa kutosha. Simu ya mwanafunzi haiwezi kushindana na mto.

Daftari hilo ndilo blokicheni, mnyororo wa bloki. MoMo tunayoitumia tangu 2010 pia ni daftari, ila analishika mtu mmoja, kampuni ya simu. Blokicheni ya Bitcoin ina nakala kwenye maelfu ya kompyuta, na kila bloki hubeba alama inayotokana na bloki iliyotangulia, mithili ya alama ya kidole. Ukibadilisha ukurasa wa zamani, alama zote zinazofuata hazilingani tena, na wenye nakala wataukataa. Hata hivyo daftari hulinda kilichoandikwa, halijui kama kilikuwa kweli. Tangu 2018 kampuni ya Circulor imewahi kutumia blokicheni kufuatilia tantalamu ya Rwanda kutoka mgodini. Kazi ngumu hapo hufanywa na mtu anayeufunga mfuko na kuupa namba; akidanganya yeye, uongo wake utahifadhiwa vizuri kabisa.

Pochi nayo haina sarafu ndani. Inahifadhi ufunguo wa siri, namba ndefu inayokuruhusu kuhamisha kilicho chako daftarini. Ukiipoteza, hakuna ofisi ya kukurudishia. Ukimwachia mwingine aitunze, umerudi kwenye imani ya zamani: Mt. Gox ilipofilisika mwaka 2014 na FTX mwaka 2022, wateja walikuta kwamba walichomiliki ni deni la kampuni.

Nchi jirani zimeyumba katika jambo hili. Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku mwaka 2019. Mwaka 2021 Rais Samia akaitaka ijiandae. Mwaka 2024 ikaja kodi ya asilimia 3. Kwetu Rwanda, rasimu ya sheria iliyotangazwa Machi 2025 inakataza uchimbaji na inataka watoa huduma wapate leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Katika rasimu hiyo Bitcoin na wenzake haziitwi amafaranga. Zinaitwa mali, na hakuna muuza duka anayelazimika kuzipokea.