Dripu, kwinini na watoto wa Muheza

Anayetoka Tanga kwenda Lushoto hupita Muheza, kisha Korogwe, kabla ya kukata kona Mombo na kuanza kupanda mlima. Huko juu baridi huwapunguza mbu. Huku chini, kwa miaka mingi, wodi za watoto zilijaa malaria. Wengi hupita miji hiyo bila kujua kwamba watoto waliolazwa humo wamebadilisha tiba ya wagonjwa mahututi duniani.

Historia yenyewe inaanzia Amani, Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua huko kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda mikwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za meli, magome ya miti hiyo yaligeuzwa dawa ya askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani. Kwinini ikaendelea kuaminiwa kizazi baada ya kizazi, na hata ilipopatikana dawa mpya ya sindano, artesuneti, hospitali nyingi za Afrika ziliendelea kutibu malaria kali kwa kwinini.

Kati ya 2005 na 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika waligawanywa kwa kura: hawa kwinini, hawa artesuneti. Hospitali ya Teule, Muheza, na ile ya Magunga, Korogwe, zilishiriki. Kati ya waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, kati ya waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaiweka artesuneti mbele.

Lakini lililotikisa zaidi ni suala la dripu. Mtoto anapofika na homa kali, mikono na miguu ya baridi, moyo ukimwenda mbio, madaktari walifundishwa kummiminia maji ya mshipani haraka. Miongozo ya nchi tajiri iliruhusu hadi mililita 60 kwa kila kilo ya uzito. Ushahidi uliotegemewa sana ulikuwa utafiti wa Washington wa mwaka 1991, wenye watoto 34 tu. Tisa kati yao walipata maji mengi katika saa ya kwanza, na wanane wakapona. Hawakugawanywa kwa kura. Waliangaliwa tu walivyotibiwa. Juu ya msingi mwembamba namna hiyo ndipo ilipojengwa tiba iliyofundishwa kama jambo lisilo na shaka.

Mwaka 2009, Profesa Kathryn Maitland na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kuipima tiba hiyo kwa jaribio lililoitwa FEAST. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi nchini Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Teule. Zilikuwa wodi za kawaida, bila mashine za kupumulia. Mtoto alipofika, ilifunguliwa bahasha iliyofuata kwa namba. Ndani yake mlikuwa na jibu: amiminiwe maji ya chumvi, amiminiwe albumini (protini ya damu), au apewe dripu ya polepole tu. Kwa mtoto wa kilo kumi, kumiminiwa kulimaanisha walau mililita 200 ndani ya saa moja. Wote walipata dawa za malaria na za bakteria, oksijeni na damu kadiri walivyohitaji. Mzazi mwenye mtoto mahututi mikononi aliweza kuridhia kwa mdomo kwanza, akaelezwa kwa kina baadaye. Wazazi hao wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopata.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilisimamisha jaribio kabla ya wakati. Katika kundi kuu la watoto 3,141, ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa zaidi ya 10 katika kila 100 waliomiminiwa maji, na 7 katika kila 100 wa dripu ya polepole. La kutisha zaidi ni kwamba waliomiminiwa walionekana kupata nafuu mapema: saa moja baadaye, waliorudiwa na mzunguko mzuri wa damu walikuwa wengi zaidi kati yao kuliko kati ya wale wa dripu ya polepole. Daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona dripu ikifanya kazi. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana hasa na moyo na mishipa kushindwa, si mapafu kujaa maji kama wengi walivyodhani. Jicho la tabibu, hata la bingwa, lisingeliona hilo.

Wapo waliosema matokeo hayo ni ya malaria tu, ingawa hata watoto wasio na malaria walidhurika. Shirika la Afya Duniani lilichelewa kubadilisha mwongozo wake, na mwaka 2014 watafiti wa FEAST walilalamika hadharani. Mwongozo uliowazuia watoto wasio na dalili zote za mshtuko (mzunguko wa damu kushindwa) kumiminiwa maji haraka ulitoka 2016. Miaka mitano ni mingi mno kwa matokeo yaliyo wazi hivyo.

Tatizo la ushahidi hafifu ni pana. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu watoto wenye maambukizi makali ya damu una kauli 77. Zilizotolewa kama mapendekezo yenye nguvu ni 6. Kwa watu wazima, jaribio la Lusaka lililochapishwa 2017 lilikuta waliomiminiwa maji wakifa asilimia 48, na wenzao asilimia 33. Mwaka 2021 mwongozo wa watu wazima ukashusha mililita 30 za maji kwa kilo kutoka pendekezo lenye nguvu hadi pendekezo dhaifu, kwa kuwa ushahidi wake ni hafifu.