UZI: Kitambi nacho ni siasa. Historia fupi ya unene Nakuru, kutoka kifagio hadi Mswada wa Fedha

Kila Mswada wa Fedha ukiletwa, ubishi wa chakula unarudi. Mmoja anasema ushuru wa mafuta ya kupikia utamaliza mama wa kibanda. Wa pili anajibu, "afadhali, Wakenya wamenona sana." Wa tatu anasema unene ni shida ya matajiri, serikali ishughulike na njaa kwanza.

Kama kawaida ya nyuzi zangu, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama hapa. Nataka tu tuone hao watatu wanakosea wapi, na ili tufike huko lazima turudi nyuma karibu miaka 100, hapa hapa Bonde la Ufa. Kaa na chai yako.

Takwimu kwanza, tuzimalize. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya (KDHS) wa 2008-09 ulikuta asilimia 25 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Mwaka 2014 ikawa 33. Mwaka 2022 ikawa 45. Wanaume 2022 walikuwa asilimia 19. Na huo huo utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa.

Soma hizo mbili za mwisho tena. Nchi moja, mwaka mmoja, wakati mwingine nyumba moja: mama amezidi uzito, mtoto amedumaa. Kwa hivyo yule wa "njaa kwanza, unene baadaye" anafikiri ni foleni mbili. Ni foleni moja.

Uzito uliozidi unapimwaje? Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukipata 25 au zaidi, uzito umezidi. Ukifika 30, huo ndio unene uliokithiri. Mtu wa mita 1.65 anafika 25 akiwa na kilo 68 hivi, na 30 akiwa na kilo 82. Kipimo si kamili, hakijui misuli wala kiuno chako, na mafuta ya tumboni ndiyo mabaya zaidi. Lakini kwa kuhesabu watu wengi kinatosha.

Sasa Nakuru yenyewe. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walizunguka wilaya ya Nakuru wakipima watu wa miaka 50 na zaidi. Kazi ilikuwa ya macho hasa, lakini walipima na presha, sukari na uzito wa watu zaidi ya 4,000. Nusu yao walikuwa na presha. Asilimia 13 walikuwa na unene uliokithiri, na karibu asilimia 7 walikuwa na kisukari. Wa mjini walikuwa na hali mbaya kuliko wa mashambani. Hiyo ni kabla ya Nakuru kuwa jiji (Desemba 2021), na kabla ya kila kona kuwa na kibanda cha smoki.

Halafu linganisha na hii. Mwaka 1929 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni, Donnison, aliyefanya kazi South Kavirondo, yaani upande wa Kisii, alichapisha vipimo vya presha vya Waafrika 1,000. Wazungu presha yao ilikuwa inapanda na umri. Ya hawa haikupanda. Mwaka huo huo akafika Kenya daktari mwingine, Hugh Trowell, ambaye baadaye alihamia Mulago, Kampala. Trowell alipata jina kwa ugonjwa wa watoto wenye njaa ya protini: kitabu cha 1954 kuhusu kwashiakoo ni chake na wenzake wawili. Halafu 1956 akaandika, na mwenzake, kuhusu Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa sababu wakati huo mgonjwa mmoja tu wa aina hiyo alikuwa habari ya jarida. Uzeeni aliandika sana kuhusu magonjwa yanayokuja na chakula cha viwandani, na kwamba alipofika hapa unene ulikuwa nadra.

Maisha ya kazi ya daktari mmoja: alianza na kukonda, akaishia na kunenepa. Sasa watu wanauliza, nini kilibadilika? Jibu rahisi ni "tulikuwa wavivu". Wacha nionyeshe lingine.

Mwaka 1931 ilitoka ripoti maarufu ya Orr na Gilks iliyolinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Mmaasai mwanamume mzima, wa maziwa, nyama na damu, alikuwa kwa wastani mrefu kwa inchi 5 na mzito kwa ratili 23 kuliko Mkikuyu wa nafaka na viazi. Orr baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO na akapata Tuzo ya Nobel ya Amani 1949, kwa hivyo si mtu mdogo. Lakini wanahistoria wa baadaye wameilaumu ripoti hiyo kwa kuangalia sahani na kusahau siasa iliyopika kilichomo.

Siasa yenyewe ni hii. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota kwenye shamba la mlowezi afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Skwota wa Nakuru na Naivasha alikuja na ng'ombe, mbuzi na kondoo wake. Miaka ya 1920 walowezi wakaanza kuwaondolea mifugo, na watu wenyewe wakakipa kitendo hicho jina: kifagio. Profesa Tabitha Kanogo ameandika vizuri juu ya hili. Mwaka 1937 sheria nyingine ikazipa halmashauri za walowezi nguvu ya kukata zaidi mifugo na shamba la skwota.

Kifagio kikipita, maziwa yanaondoka nyumbani. Nyama pia. Kinabaki posho: kama ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku, kipimo cha kawaida cha mfanyakazi. Mahindi meupe hayakuwa chakula cha mababu wa watu wengi wa huku. Wao walikula wimbi, mtama, mboga za kienyeji, maziwa. Mahindi yalikuja kama mshahara.

Ngano nayo ilikuja na walowezi. Kampuni ya Unga, ya Lord Delamere, ilianza 1908, na shamba lake lilikuwa Njoro. Tunaosoma upande huo tunapita kila siku kwenye historia hii na kununua chapati bila kuiwazia.

Tuwe wakweli: posho haikumnenepesha mtu. Ilimkondesha. Lakini ilizoesha tumbo la bonde zima kwamba chakula ni unga, na vingine vyote ni kitoweo. Na kuna jambo la kisayansi hapa: mtoto aliyenyimwa lishe tumboni na utotoni, akikua akakutana na vyakula vya nguvu nyingi, ana hatari kubwa ya kisukari na presha. Njaa ya bibi na sukari ya mjukuu zinaweza kuwa hadithi moja.

Uhuru ukaja, mashamba makubwa yakagawanywa, Bahati, Subukia, Njoro, Molo. Kizazi cha kwanza kilipata ekari za kulima na kufuga. Cha pili kikagawana. Cha tatu kina ploti ya 50 kwa 100, na wengi wako kwenye chumba cha kupanga Kaptembwo. Huna shamba, huna sukuma wiki nyuma ya nyumba, huna ng'ombe. Kila kitu unanunua. Na ukiwa na shilingi 100, swali si "nini kina afya," swali ni "nini kinashibisha."

Hapo ndipo miaka ya 90 inaingia, na mimi naona ndiyo muhimu kuliko yote. Soko lilifunguliwa. Udhibiti wa bei na biashara ya mahindi ukaondolewa kufikia mwisho wa 1993. Mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yakamiminika. Nyumba iliyokuwa ikipima Kimbo kwa kijiko ikaanza kununua mafuta ya kupimiwa dukani, ya shilingi chache kila jioni. Mpaka leo sehemu kubwa ya mafuta tunayokula inatoka nje.

Ndiyo maana chipsi ya Nakuru ni somo zima la uchumi wa siasa. Kiazi ni Shangi ya Molo au Mau Narok. Mafuta yamevuka bahari. Chumvi, tomato na soda juu. Viazi vya kuchemsha haviuzwi mjini kwa sababu mpangaji hana muda wala gesi ya kuchemsha, na anayeuza hapati faida.

Miguu nayo ikapumzishwa. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250. Boda boda imeajiri vijana wengi na imekimbiza mama wajawazito hospitalini, siwezi kuitukana. Lakini kilomita mbili za kutoka stage hadi nyumbani zilikuwa mazoezi ambayo hakuna aliyeyaita mazoezi. Wanariadha wetu hawatuokoi hapo, wao ni wachache na wanakimbia kwa niaba yao.

Jambo la mwisho kutoka miaka ya 90 halisemwi sana. Uganda walikuwa wameuita UKIMWI "Slim". Hapa kwetu pia, mtu akipungua kilo majirani walinong'ona. Kizazi kizima kilijifunza kwamba mwili mnene ni ushahidi wa uzima. Shangazi akikuambia "umepungua, una nini?" anakumbuka mazishi. Ukimwambia unene ni ugonjwa bila kuheshimu hilo, hatakusikia, na ana haki.

Juu ya hayo weka lugha yetu ya siasa. Kushinda uchaguzi ni "kula". Kuwa nje ni "kulala njaa". Jean-François Bayart, Mfaransa, aliandika 1989 kuhusu "siasa ya tumbo", na msemo aliutoa Cameroon, lakini hakuna Mkenya anayehitaji tafsiri. Mchora katuni akitaka kukuonyesha mkubwa, anaanza na tumbo. Sasa tumbo limeshuka ngazi, liko kwa mlinzi na kwa mama wa kibanda, lakini akili zetu bado zinaliona la tajiri. Ni kweli wanawake wa kipato cha juu bado wanaongoza kwenye takwimu. Tofauti ni kwamba tajiri akipata kisukari ana daktari.

Na kisukari ndicho kikuu: unene unaongeza hatari ya kisukari, presha, kiharusi, ugonjwa wa moyo, magoti kuisha, na baadhi ya saratani, ikiwemo ya matiti baada ya hedhi kukoma.

Turudi bungeni. Mwaka 2024 mswada ulipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mboga na VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Kamati iliviondoa Juni 18, watu wakaandamana bado, Nakuru pia, na mswada wote ukarudishwa Juni 26. Mjadala wote ulikuwa wa gharama ya maisha, na hivyo ndivyo ilivyostahili. Ushuru ule haukuandikwa kwa ajili ya afya. Yule wa pili anayesema "afadhali" anaupa sifa ambayo haukuomba.

Unataka kuona ushuru wa afya? Mexico ilitoza vinywaji vya sukari peso 1 kwa lita kuanzia 2014. Afrika Kusini na Uingereza zilianza zao 2018, na zinahesabu sukari iliyomo: kadiri unavyoweka nyingi, ndivyo unavyolipa. Uingereza viwanda vingi vilipunguza sukari ili kuukwepa. Sasa fungua sheria yetu ya ushuru wa bidhaa ya 2015. Maji ya chupa na soda viliwekwa fungu moja, shilingi 5 kwa lita. Maji na soda, sawasawa. Juisi ya matunda 10. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa anatafuta pesa tu, na hatukumuuliza.

Maoni yangu: ushuru wa sukari kwenye soda naweza kuutetea, kwa sababu hakuna anayelala njaa kwa kukosa soda. Ushuru wa mafuta kwa jumla siwezi, mpaka kuwe na kitu cha bei nafuu cha kubadilisha. Utamtoza mtu kwa sufuria ambayo hakuichagua.

Tiba je? Kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunasaidia presha na sukari. Mwili unapinga, homoni za njaa zinapanda ukishapungua, kwa hivyo anayerudisha kilo si mzembe. Kuna upasuaji, na kuna sindano mpya kama semaglutide. WHO iliweka kundi hilo la dawa kwenye orodha ya dawa muhimu Septemba 2025, kwa wenye kisukari cha aina ya pili na unene. Bei yake kwa mtu wa Free Area ni ndoto.

NHIF ilitupisha SHA Oktoba 2024, tunakatwa asilimia 2.75. Kuna mfuko wa afya ya msingi na mwingine wa magonjwa sugu. Mfuko wa kwanza ndio ungepaswa kukupima kiuno na presha kwenye zahanati ya mtaa kabla ya kufika wa pili, na zahanati tangu 2013 ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo mgombea wa kaunti akija Kaptembwo, muulize mambo matatu: mashine ya presha ya zahanati inafanya kazi? Dawa za sukari zilikuwepo mwezi uliopita? Na njia ya kutembea kwa miguu hadi mjini iko wapi?

Majibu mkiyapata yaleteni hapa chini, na mtaa wenu. Uzi ujao ni wa mbolea ya ruzuku.