Ndugu wa Kiboko: Nyangumi, Pomboo na Nguva katika Historia Yetu

Mtu aliyekulia Gorong'a ana kila sababu ya kutojali habari za nyangumi. Kwetu ni Tarime, karibu na mpaka wa Kenya, na ukitaka kuiona bahari unapanda basi alfajiri na usiku unakukuta bado uko barabarani. Maji makubwa tunayoyajua ni Ziwa Victoria. Maji ya kuogopa ni Mto Mara. Nilipokuwa mdogo babu alitukataza kabisa kusogelea mto jioni, na cha ajabu hakututisha na mamba. "Mura," alikuwa akisema, "mamba ana njaa, akishiba anakuacha. Kiboko hana njaa na wewe, ana hasira tu."

Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, tena kwa kusoma tu, kwamba huyo mwenye hasira ndiye ndugu wa karibu zaidi aliye hai wa nyangumi na pomboo. Wataalamu walilikubali jambo hili kwa uzito katika miaka ya 1990, vipimo vya vinasaba vilipoonyesha kwamba kiboko yuko karibu na nyangumi kuliko alivyo karibu na nguruwe, ambaye tulizoea kumdhania kuwa binamu yake. Koo hizo mbili ziliachana zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Nguva naye, yule ambaye hadithi za pwani zinamfanya nusu mtu nusu samaki, ni wa upande wa tembo na pimbi. Yaani wanyama wawili wanaowakesha watu wa vijiji vinavyopakana na Serengeti, mmoja mtoni na mwingine kwenye mahindi, wana jamaa zao baharini.

Basi nikaanza kufuatilia hao jamaa. Nilitegemea kukutana na historia ya wanasayansi wenye meli kubwa, ila nilichokuta mara nyingi ni wavuvi na nyavu zao.

Nianze na nyangumi aliyefia nchi kavu. Mwaka 1964 Mmarekani James Mead alichimbua mabaki ya nyangumi mwenye mdomo mrefu huko Loperot, magharibi mwa Turkana, nchini Kenya. Mahali penyewe ni kilomita 740 hivi kutoka pwani ya leo. Mnyama huyo alikuwa na urefu wa kama mita 7, na umri wa mabaki yake ni miaka milioni 17. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1975, kisha mfupa ukapotea. Haukupotea porini, ulipotelea kwenye makabati ya wasomi. Louis Jacobs, mtaalamu aliyewahi kufanya kazi Makumbusho ya Taifa ya Kenya, aliutafuta kwa miaka mingi, na ulionekana tena mwaka 2011 huko Marekani.

Mwaka 2015 yeye na wenzake, akiwemo mwanajiolojia Henry Wichura, walieleza kwa nini mfupa mmoja uliostahili msako wote huo. Nyangumi hapandi maporomoko. Kama aliingia mtoni kutoka Bahari ya Hindi akafika Turkana, basi nchi hiyo wakati huo ilikuwa tambarare na chini sana, karibu usawa wa bahari. Leo Loperot iko zaidi ya mita 600 juu. Kwa hiyo mfupa ule ni kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko, maana unaonyesha kwamba kuinuka kwa nyanda za juu za Afrika Mashariki kulikuja baadaye. Kuinuka huko ndiko kulikokausha misitu na kusaidia kuleta nyasi. Ukisimama leo kwenye mbuga ya Serengeti ukawatazama nyumbu, unatazama nchi ambayo historia yake imepimwa kwa nyangumi aliyepotea njia.

Turudi kwenye muda wa watu. Rekodi za zamani za pwani yetu hazimtaji sana nyangumi mwenyewe, zinataja kitokacho tumboni mwake. Mwarabu al-Masudi, aliyesafiri kutoka Qanbalu kwenda Oman mwaka 916 hivi, aliandika juu ya ambari ya nchi ya Zanji. Ambari ni kitu kinachotengenezwa tumboni mwa nyangumi mwenye kichwa kikubwa, kinaelea na kuokotwa ufukweni, na watengeneza manukato walikilipia fedha nyingi. Biashara ilikijua kitu hicho karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuhesabu nyangumi hata mmoja.

Karne ya 19 wakaja wenye kutaka mafuta. Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na balozi wao wa kwanza akafika Unguja mwaka 1837. Meli za kuwindia nyangumi zikawa zinatia nanga Zanzibar kutafuta maji, chakula na matengenezo. Mmoja wa mabaharia hao, J. Ross Browne, aliichoka meli yake, akakaa Unguja kwa muda, na mwaka 1846 akatoa kitabu juu ya mateso ya safari hiyo. Wapenzi wa fasihi watafurahia kipande hiki: kitabu hicho kilihakikiwa mwaka uliofuata na Herman Melville, miaka minne kabla hajachapisha Moby-Dick. Kwa hiyo mwandishi wa riwaya maarufu kuliko zote juu ya nyangumi alikuwa ameshasoma juu ya bandari yetu. Browne anasikitikia mabaharia, na ana haki. Nyangumi mwenyewe, kwa wote hawa, alikuwa mapipa ya mafuta ya taa.

Sasa tufike Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambako watalii wengi hupelekwa kuona pomboo. Nilifika pale kama mtalii mwingine yeyote, nikalipa, nikapanda boti. Pomboo walipotokea, boti kama kumi ziliwakimbilia kwa mpigo. Watu waliruka majini wakipiga kelele, pomboo wakazama, wakaibukia mbali, boti zikageuza. Nahodha wetu alikuwa mtu wa makamo. Nilimuuliza kama hajawahi kuwaonea huruma. Akacheka. "Kaka, mimi nikiwa kijana nilikuwa nawavua."

Hakuwa anatania. Pomboo wa kusini mwa Unguja waliwindwa kwa ajili ya kitoweo, na zaidi kwa ajili ya chambo cha papa, hadi mwaka 1996. Utalii wa kuwatazama ulikuwa umeanza mwaka 1992, kwa hiyo kwa miaka minne kijiji kilekile kiliwauza kwa njia zote mbili. Mwaka 1997 eneo la Ghuba ya Menai likatangazwa kuwa hifadhi.

Utafiti nao ulishika kasi miaka hiyohiyo. Omar Amir na Narriman Jiddawi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, walishirikiana na Per Berggren, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Stockholm. Hawakuanza na darubini, walianza kwa kwenda vijijini kuuliza wavuvi: umenasa nini, lini, kwenye wavu gani? Ripoti yao ya mwaka 2002 ilionyesha kuwa majarife, nyavu zinazotegwa kwa ajili ya samaki wakubwa, yalikuwa yakiua pomboo bila mvuvi kukusudia. Miili iliyonaswa ikawa maktaba. Kwenye tumbo walisoma chakula, kwenye meno walisoma umri. Mengi tunayoyajua leo juu ya maisha ya pomboo wa Zanzibar yametoka kwa mvuvi aliyekubali kukabidhi kitu ambacho angeweza kukitupa kimyakimya.

Kazi nyingine ilikuwa kuwapiga picha mapezi ya mgongoni, maana kila pezi lina makovu yake. Kwa njia hiyo watafiti, wakiongozwa na Eva Stensland, walikadiria kuwa kati ya 1999 na 2002 upande ule wa kusini ulikuwa na pomboo 136 hadi 179 wa aina ya kawaida ya pwani, na 58 hadi 65 wa nundu. Jamii ndogo kiasi hicho haistahimili nyavu miaka mingi. Wakajaribu kufunga kwenye majarife vifaa vinavyotoa mlio wa kuwafukuza, na vilisaidia. Ila kifaa kina bei, betri ina bei, na mvuvi anapiga hesabu ya mafuta ya kesho.

Aprili 2006 yalitokea makubwa kaskazini, karibu na Nungwi, ambako pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa. Watafiti walewale waliitwa. Watu walitaja sauti za manowari, wengine sumu. Matumbo yalikutwa matupu, na jibu la uhakika halikupatikana. Napenda kwamba walikubali kusema hivyo.

Nguva ana hali mbaya zaidi. Mwaka 1967 liliripotiwa kundi la nguva kama 500 kusini mwa pwani ya Kenya. Safari za ndege za miaka ya 1990 ziliona wa kuhesabika kwa vidole. Kwa Tanzania, tathmini ya mwaka 2003, ambayo nayo ilitegemea sana mahojiano na wavuvi, ilitaja eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa kama kimbilio lao la mwisho. Desemba 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa rasmi kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, wakikadiriwa kuwa chini ya wakubwa 250. Ndugu yake tembo akiingia shambani, nchi nzima inajua. Nguva akifia kwenye jarife, wanajua watu watatu kwenye ngalawa.

Sisi wa Tarime neno hifadhi tunalisikia kwa sikio letu. Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mipaka ilipopangwa upya mwaka 1959, binadamu aliwekwa nje ya mstari. Mafia, hifadhi ya kwanza ya bahari ya nchi hii, ilianzishwa mwaka 1995 huku vijiji vikibaki ndani yake. Sisemi kule ni peponi. Mwanaanthropolojia Christine Walley aliandika kitabu kizima, Rough Waters (2004), juu ya mivutano ya wanakijiji, maofisa na mashirika pale Mafia. Ila nimeona tofauti moja. Baharini huwezi kuweka uzio, na mashahidi wako ni wavuvi. Ukimfanya mvuvi mtuhumiwa, mwili unaofuata utatupwa usiku, na wewe mtafiti utabaki na daftari tupu.

Kuna wanaostahili kukamatwa, lakini. Machi na Aprili 2015 Gill Braulik na wenzake walizunguka pwani ya Tanzania wakihesabu nyangumi na pomboo, huku wakivuta nyuma ya chombo kipaza sauti cha chini ya maji. Ndani ya siku 31 kifaa kilichowekwa kusikiliza wanyama kilinasa milipuko 318 ya baruti, zaidi ya nusu yake karibu na Dar es Salaam. Ushahidi huo ulitolewa hadharani, na miaka iliyofuata serikali ikawabana wapiga baruti na milipuko ikapungua sana.

Likizo iliyopita nilimsimulia babu haya yote, amezeeka sasa na masikio yamepungua. Nilipofika kwenye nyangumi wa Turkana alinisimamisha. Akauliza nani alimkuta. Nikamwambia Mmarekani, mwaka 1964. Akatikisa kichwa. "Hapana. Uliza mchunga mbuzi wa pale. Yeye alikuwa ameshamuona."