Mwanzo wa Polepole katika Adili na Nduguze: Kasoro au Urithi?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kulisikia lalamiko hili darasani: riwaya hii inachelewa kuanza. Hapa Mtongwe nimelisikia mara nyingi kuhusu Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Nakiri kwamba wakati mmoja nililikubali. Niliwaambia wanafunzi waruke kurasa za mwanzo, waende moja kwa moja kwa manyani wanaochapwa usiku. Walipoandika insha, wengi walimwita Adili katili. Kosa lilikuwa langu.

Tuitazame historia. Riwaya ya Kiswahili ina chimbuko zaidi ya moja. Mwaka 1929 ilitoka tafsiri ya Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwaka 1934 James Mbotela wa Frere Town, papa hapa Mombasa bara, alichapisha Uhuru wa Watumwa. Shaaban Robert (1909–1962) alichota kwingine pia. Kisa cha Adili kinafanana mno na hekaya ya Abdullah bin Fadhil na nduguze katika Alfu Lela Ulela. Humo mjumbe wa Harun al-Rashid anakwenda Basra kudai kodi, akaona mbwa wawili wakipigwa. Shaaban Robert aliwageuza mbwa kuwa manyani, Basra ikawa Janibu, naye Harun akawa Rai, mfalme wa Ughaibu.

Hekaya ya aina hii haina haraka. Hujenga kwanza baraza litakalosikiliza kisa. Tenzi nazo ni hivyo hivyo: Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, anamwita bintiye aketi na wino na karatasi kabla ya wosia wenyewe. Hata nyanya zetu hawasimulii kabla ya kuitikiwa "Pakawa!"

Sasa rudi kwenye kurasa zile nilizoziruka. Zinamweleza Rai, mfalme mpenda wanyama na haki. Bila ya kumjua Rai, huwezi kuhisi uzito wa habari anayoletewa na Ikibali kuwa liwali wake anachapa manyani. Hapo ndipo taharuki inapozaliwa, na hapo ndipo Adili anapolazimika kujieleza kwa mbinu rejeshi.

Upole huo wa mwanzo unatuandaa pia kumpokea Huria, jini mwenye hadhi ya kifalme. Adili alimwokoa akiwa katika umbo jingine, bila kujua ni nani. Hakufa akazaliwa upya, ila alirudi katika umbo lake halisi akalipa fadhila: alimwokoa Adili nduguze, Hasidi na Mwivu, walipomtosa baharini, kisha akawageuza hao wawili kuwa manyani na kumwamuru Adili awachape. Msomaji aliyefunzwa na Rai kumheshimu mnyama anaelewa mara moja kwamba ndani ya umbo la mnyama huenda mna mtu.

Kwa hiyo, mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu msuko, usiandike tu kwamba mwanzo unachosha. Jiulize: mwanzo huu umerithiwa wapi? Unamwandaa msomaji kwa tukio gani? Ukiuondoa, ni mhusika gani atakayehukumiwa bila haki?

Nasi walimu, tusiwarushe wanafunzi kurasa. Wangu walimhukumu Adili kabla ya kumsikiliza, na Rai mwenyewe hakufanya hivyo.