Kutoka Mhola hadi Ustawi: Historia ya Elimu ya Nafsi Ikitazamwa Kutoka Chato

Historia ya elimu ya ustawi wa nafsi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, yaani ile sehemu ya saikolojia inayochunguza jinsi binadamu anavyoishi vyema na si jinsi anavyougua tu, haiwezi kuandikwa kwa kutazama kumbi za mihadhara peke yake, kwa kuwa maswali ya elimu hiyo yalikuwa yakiulizwa na kujibiwa vijijini muda mrefu kabla ya chuo kikuu cha kwanza kujengwa. Wilaya ya Chato, iliyo kwenye pwani ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, ni mahali panapofaa kuanzia uchunguzi wa jambo hilo. Nchi hiyo, ambayo ilikuwa sehemu ya Biharamulo katika Mkoa wa Kagera kabla ya kuwa wilaya na kisha kuingizwa katika Mkoa mpya wa Geita mwezi Machi 2012, ni makazi ya kale ya Wazinza na ya majirani zao Wasubi, Wasumbwa na Walongo, hao wa mwisho wakisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma. Wasukuma waliongezeka huko hasa katikati ya karne ya 20, wakati serikali ya kikoloni ya Uingereza, kwa mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, ilipohimiza familia na mifugo zitoke katika maeneo yaliyosongamana na kuhamia upande wa Geita.

Wahamiaji hao walikuja na ng'ombe, majembe na mbegu za pamba, na pia walikuja na namna yao ya kuelewa maisha mema, ambayo imehifadhiwa katika neno moja la Kisukuma, mhola. Neno hilo, linalosikika kila siku katika majibu ya salamu, hubeba kwa pamoja maana ya uzima wa mwili, utulivu wa moyo na amani kati ya watu, kiasi kwamba anayejibu "mhola" hatoi habari za afya yake mwenyewe tu bali za nyumba yake nzima. Katika fikra hiyo mtu hawezi kuwa mzima ilhali ukoo wake umegawanyika, wala ukoo hauwezi kutulia ikiwa masamva, yaani mizimu ya wahenga, wamesahauliwa. Ndiyo maana nfumu, mganga wa jadi, alipoletewa mtu aliyekosa usingizi au aliyejitenga na wenzake, hakuishia kuuliza anaumwa wapi, bali alichunguza pia nani amegombana na nani, na deni gani halijalipwa kwa walio hai au kwa waliokufa. Kazi nayo ilikuwa sehemu ya utulivu huo, kwa kuwa vikundi vya wakulima vilivyolima kwa zamu huku vikiimba, pamoja na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilivyoshindana baada ya mavuno, viligeuza taabu ya jembe kuwa heshima ya mtu mbele ya wenzake.

Haifai, hata hivyo, urithi huo usifiwe bila kupimwa, kwa sababu fikra inayoona kila taabu kuwa ni kasoro ya uhusiano huweza pia kumtafuta mwenye kosa pale ambapo hakuna kosa. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, hasa kuanzia miaka ya 1970, wanawake wazee wengi waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na dalili iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa macho mekundu, ambayo kwa kweli yalitokana na miaka mingi ya kupikia kwenye moshi. Simeon Mesaki, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1993 juu ya mauaji hayo, alionyesha kwamba hayawezi kuelezwa kwa imani za kale peke yake bila kutazama misukosuko ya kijamii na namna dola ilivyolishughulikia suala la uchawi. Mhola wa wengi, basi, uliweza kununuliwa kwa damu ya mmoja, na elimu yoyote ya ustawi inayotaka kujifunza kutoka nchi hiyo inapaswa kuyabeba yote mawili.

Elimu ya kisasa ya akili iliingia Tanganyika kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa maradhi na wa kufuli. Mwaka 1904 wamisionari wa Kijerumani waligeuza kituo chao cha Lutindi, katika milima ya Usambara, kuwa nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili, na katika miaka ya 1920 Waingereza wakaanzisha huko Dodoma hospitali ambayo leo inajulikana kwa jina la Mirembe. Katika utaratibu huo Mwafrika alionekana na wataalamu pale tu alipokuwa amekwisha kuvurugikiwa kiasi cha kuwasumbua wengine, na hali ya nafsi ya mkulima aliyekuwa akiendelea na shughuli zake haikuhesabiwa kuwa jambo la sayansi.

Miaka mitatu ya katikati ya karne ya 20 huonyesha vyema jinsi elimu hiyo ilivyokuwa njia panda. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyekuwa ameongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, ambamo alidai kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu ikilinganishwa na ya Mzungu, na kwamba sonona, yaani huzuni nzito inayomwondolea mtu nguvu na hamu ya kuishi, ni nadra miongoni mwa Waafrika. Mwaka 1955 Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika aliyeandika sana juu ya Wasukuma na majirani zao, alichapisha maelezo ya Buswezi, chama cha watu waliounganishwa na mizimu, ambacho taratibu zake ziliwapokea wenye mateso na kuwapa nafasi mpya katika jamii; lakini maelezo hayo yaliwekwa kwenye rafu ya mila na desturi, kana kwamba kilichokuwa kikifanyika humo hakikuhusu nafsi za watu. Katika miaka ya 1954 na 1955 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuwa katika taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akikaa na akina mama wa Kiganda na kuangalia jinsi walivyowalea watoto wao.

Kazi ya Ainsworth, iliyotoka kama kitabu mwaka 1967, inastahili kukaziwa macho, kwa sababu ilikuwa miongoni mwa misingi ya nadharia ya mwambatano, inayoeleza kwamba mtoto anayepata mlezi msikivu humtumia mlezi huyo kama ngome ya kutokea kwenda kuujua ulimwengu na kurudia anapoogopa. Nadharia hiyo, ambayo sasa hufundishwa katika vyuo vikuu duniani kote, ilipata sehemu ya mizizi yake katika nyumba za vijiji vya Afrika Mashariki, na mwanafunzi wa Tanzania anayeisoma kana kwamba ni zao la Marekani peke yake ananyimwa sehemu ya historia yake. Tofauti kati ya Ainsworth na Carothers haikuwa ya vipaji, bali ya mahali mtafiti alipokaa na mambo aliyoyauliza: mmoja aliwapima watu kwa kile walichokosa, mwingine akaangalia walichokuwa nacho.

Baada ya uhuru saikolojia ilijengwa Tanzania kwa vipande. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilifundishwa kwa muda mrefu hasa kama sehemu ya elimu ya ualimu, ili mwalimu ajue jinsi mtoto anavyojifunza, huku shule ya tiba iliyoanzishwa mwaka 1963, ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Muhimbili, ikishughulikia maradhi ya akili. Mwaka 1973 iliundwa kwa sheria Taasisi ya Ustawi wa Jamii, na katika jina lake lilisimama neno lenye historia ya kutafakariwa: kitenzi kustawi, chenye asili ya Kiarabu katika maana ya kukaa sawa na kuiva, hutumika zaidi kwa mmea uliopata udongo, maji na nafasi, na hakuna mkulima anayeulaumu muhindi kwa kushindwa kustawi juu ya mwamba. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ulijaribiwa Kilimanjaro na Morogoro kwa shabaha ya kuyatoa matibabu hospitalini na kuyafikisha kwenye zahanati.

Wakati huo ng'ambo ya bahari palikuwa pakitokea mageuzi. Mwanasaikolojia Marie Jahoda alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1958 kwamba afya njema ya akili si kukosa ugonjwa tu. Mwaka 1989 Carol Ryff alitaja nguzo sita za ustawi wa nafsi, ambazo ni kujikubali, mahusiano mema, kujiamulia, kumudu mazingira, kuwa na lengo la maisha na kuendelea kukua. Na mwaka 1998 Martin Seligman, akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, alihimiza saikolojia chanya, yaani elimu ya yale yanayoyafanya maisha yawe na thamani. Nguzo hizo zina manufaa, lakini msomaji kutoka Chato ataona mara moja kwamba zote huanzia kwa mtu mmoja, na hata mahusiano yamehesabiwa kuwa mali ya huyo mmoja, ilhali mhola huanzia kwa wengi.

Hatua iliyoanza kuziba pengo hilo kati ya elimu ya ng'ambo na watu wa hapa ilitoka Muhimbili, ambako Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2008 matokeo ya dodoso, yaani orodha ya maswali ya utafiti, lenye vipengele 19 vya kutambua sonona, lililotengenezwa nchini badala ya kuazimwa kutoka lugha nyingine. Miaka hamsini na mitano baada ya kitabu cha Carothers, sonona ambayo Mwafrika aliambiwa ni nadra kwake ilikuwa ikipimwa na Waafrika, kwa lugha ya wagonjwa wenyewe.

Mkanda wa dhahabu wa Geita unakumbusha kwamba kazi hiyo haijafika mwisho. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo ya Rwamagasa mkoani Geita, ambako mawe yanayotolewa kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, husagwa kwa makarasha na dhahabu hukamatwa kwa zebaki ambayo baadaye huchomwa, uchunguzi wa kiafya wa mwaka 2003 ulikuta miongoni mwa wachomaji dalili za sumu hiyo katika mfumo wa fahamu, kama vile kutetemeka na kukosa uwiano wa mwendo. Mtu wa namna hiyo akija kwa mshauri nasaha akilalamikia wasiwasi na usahaulifu, hataponywa kwa kufundishwa kufikiri vizuri peke yake, kwa sababu kilichomharibia utulivu kimo hewani anakofanyia kazi.

Kijana wa Chato anayetaka kusoma mambo haya leo ana njia ambazo wazazi wake hawakuwa nazo: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kipo Mwanza tangu mwaka 1998, chuo cha tiba cha Bugando tangu 2003, na Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007, na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa hata kule kungojea kivuko. Linalobaki ni vyuo hivyo kumpokea kama mtu ajaye na elimu. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba sayansi ya nafsi ilikosea zaidi ilipowasemea watu wa Afrika Mashariki, na ilipiga hatua ilipokwenda kukaa nao na kuwasikiliza. Na kijana huyo, aliyelelewa katika nyumba ambamo habari ya asubuhi huulizwa kwa niaba ya wote waliolala humo, amekwisha kujifunza swali la kwanza la somo analokwenda kulisoma.