Mzigo wa magonjwa

Katika vikao vya bajeti ya afya, mtaalamu husema "mzigo wa magonjwa", na diwani huelewa "wingi wa wagonjwa". Hayo ni mambo mawili tofauti. Mzigo wa magonjwa ni jumla ya miaka ya maisha yenye afya ambayo jamii hupoteza. Huhesabiwa miaka iliyokatizwa na kifo cha mapema, kisha huongezwa miaka ya kuishi na maradhi au ulemavu, kila hali kwa uzito wake. Mtoto wa miaka 2 akifa kwa malaria, hesabu hupanda zaidi kuliko akifa mzee wa miaka 75 kwa kiharusi. Asiyeona naye amo, ingawa upofu haujamuua.

Kipimo hiki kilipata umaarufu kupitia ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993, na Christopher Murray na Alan Lopez ndio waliokijenga. Kiliziba pengo la rejesta za hospitali, ambazo humjua aliyefika tu. Aliyefia nyumbani hazina habari naye.

Nchini Tanzania kilijaribiwa Rufiji na Morogoro Vijijini miaka ya 1990, katika mradi wa TEHIP ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC. Wahoji walipita nyumba kwa nyumba wakiandika waliozaliwa na waliofariki, na kuwauliza ndugu dalili alizokuwa nazo marehemu. Watafiti waliyageuza majedwali yao kuwa michoro rahisi iliyoweka mzigo kando ya bajeti. Morogoro, malaria ilichukua karibu asilimia 30 ya miaka iliyopotea, lakini katika bajeti ya 1996 ilipewa takriban asilimia 5. Mbele ya mchoro kama huo, mganga mkuu wa wilaya hakuhitaji kusomea takwimu ili aone pa kuongeza fedha. Vyandarua vyenye dawa na tiba bora ya watoto vilipewa nafasi zaidi, na vifo vya watoto vikapungua.

Neno "mzigo" linafaa kwa kuwa huuliza mara moja nani anaubeba na nani amsaidie. Hatari yake ni kumgeuza mgonjwa mwenyewe kuwa mzigo, kama watu wasemavyo mitaani. Kwa hiyo isemwe "mzigo wa malaria wilayani", wala si "mzigo wa wagonjwa". Na hesabu ya vichwa iitwe kwa jina lake, idadi ya wagonjwa.

Hata likitumiwa sawasawa, neno hili halimalizi mjadala. Huonyesha palipolemewa bila kusema shilingi ipi itaokoa wengi zaidi. Ugonjwa mzito usio na tiba nafuu unaweza kupitwa na ule mwepesi unaozuilika kwa chanjo. Msomi akishataja mzigo, kiongozi amdai na jibu la pili: kuupunguza kunagharimu kiasi gani?